Aliyefungua Kasha la Gitaa

Sogeeni, wanangu, sogeeni mnisikie, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na huo mlango uacheni wazi nimwone anayeingia na anayetoka. Kemigisha, binti yangu, kaa hapa miguuni. Edgar, simama pale ukutani na hiyo simu izime, nimechoka kuisikia ikitetemeka mfukoni kama kuku aliyefungwa miguu. Dusabe, mwanafunzi wangu, kaa karibu na meza lilipo kasha la gitaa, lakini usiliguse, wala mtu yeyote asiliguse mpaka nitamke mwenyewe. Polikarpi, mdogo wangu, wewe ni shahidi wa ukoo. Telesfori, jirani yangu na baba wa huyu Dusabe, wewe ni shahidi wa nje ya ukoo, na nimekuita kwa sababu najua wosia uliosemwa bila mashahidi utapingwa kabla udongo wa kaburi langu haujakauka, na watakaoupinga ni hawa hawa wanaonitazama sasa kwa macho ya huruma.

Nina mambo mawili tu mazito ya kuacha, kiti na gitaa. Kiti mnakijua, ni kile cha baba yangu, na atakayekikalia ndiye msika wangu, mrithi na mkuu wa kibanja hiki cha migomba na wa nyumba hii. Gitaa nalo mnalijua. Lakini kabla sijataja jina la mtu nasema hivi, na mashahidi mshike neno langu: tangu nilipoangushwa kitandani mwanzoni mwa kiangazi hiki, kuna mtu kati yenu amekuwa akilifungua kasha lile kwa siri. Nimemuuliza kila mmoja kwa zamu yake na kila mmoja ameniapia kwamba si yeye. Leo nitamjua. Na nikimjua, hatakalia kiti changu wala hatashika gitaa langu, hata kama ni damu yangu. Polikarpi, umesikia? Telesfori, umesikia? Haya.

Mnaguna. Mnasema moyoni, mzee ameanza tena. Sawa, nimekuwa mtu wa kushuku maisha yangu yote, silikatai hilo, lakini sikuzaliwa hivyo, nilifundishwa na watu. Mimi Lameck Rwegasira nilizaliwa hapa hapa Chonyonyo, na babu yangu alikuwa mpiga nanga, ile ya ubao uliochimbwa katikati na kutandikwa nyuzi, akiipakata na kusimulia ng'ombe na vita vya wafalme, na hata kwenu ulikotoka, Telesfori, ng'ambo ya mto, ipo ya namna hiyo. Kwa hiyo masikio yangu yalikuwa yamekwisha kufunguliwa siku nilipomsikia yule mmisionari wa Kijerumani aliyefundisha kwaya yetu akipiga gitaa kwa vidole, bila kuimba, bila mtu wa kumsaidia, besi ikitembea chini taratibu na wimbo ukitembea juu yake, na katikati sauti ya tatu. Mnajua nilifanya nini? Niliinama nikatazama chini ya meza, nikaenda nyuma ya kabati, nikimtafuta huyo mwingine anayepiga naye. Mjerumani alicheka mpaka akakohoa. Akasema kijana anayetafuta sauti zote zinatoka wapi ndiye anayefaa kufundishwa, akanifundisha, na baadaye kanisa likanipeleka kwao nikasome muziki, na huko ndiko nilikokutana na fundi wa Kihispania aliyenichongea gitaa hili, uso wa mwerezi, mgongo wa mti mweusi, shingo kwa kipimo cha mkono wangu.

Nimepiga gitaa hili Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kwenye kumbi ambazo watu wanakohoa kwanza ili wasikohoe baadaye. Lakini ukumbi ulioniuma ni ule wa harusi ya Ihanda, Kemigisha unaukumbuka, ulikuwa umevaa gauni la njano. Nilipiga kipande kizima, kile nilichokitoa kwenye nanga ya babu, nikakipiga kwa moyo mpaka jasho likadondoka juu ya mbao, na nilipomaliza, mshereheshaji akachukua kipaza sauti akasema, "Tunamshukuru mwalimu kwa kujaribu chombo, sasa atupigie wimbo." Watu wakapiga makofi. Mama yenu Benadeta, Mungu amrehemu, alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, na mimi nilinuna njia nzima, na sasa ningetoa chochote nimsikie akinicheka tena hivyo.

Na kucha hizi. Mtu wa Karagwe mwenye kucha ndefu mkono mmoja tu, zimesuguliwa kwa msasa mpaka zinang'aa, watu watamdhania nini? Wengine walisema ni mchawi, wengine walisema ni mvivu, na mama mkwe wangu siku ya kwanza aliukamata mkono huu akaugeuzageuza kama anayekagua ndizi sokoni, akauliza, "Huu mkono haulimi?" Nikamjibu kwamba unalima kwa namna nyingine. Hakuniamini mpaka alipozikwa. Lakini ndio ukweli: panga sikulishika, jembe sikulishika, kwa sababu ukucha mmoja ukivunjika mimi nilikuwa nakaa kimya kwa wiki. Nikafundisha chuo cha ualimu miaka yangu yote ya kazi, vijana wenye vidole vilivyokomaa kwa jembe, nikawafundisha kushika uzi bila kuukaba, na wengi wao leo wanaongoza kwaya toka hapa mpaka Kyerwa. Hilo nalisema kwa majivuno, mniachie.

Aliyenifunga moyo ni mwenzangu wa chuoni. Jina lake silitaji, amekwisha kufa na watoto wake wanaishi. Alikuwa anakuja chumbani kwangu kunywa chai na kusikiliza, anasikiliza sana, anafumba macho, nami nilifurahi kwa sababu wenye kusikiliza walikuwa wachache. Kumbe anameza. Siku moja nafungua redio nasikia wimbo wa nanga wa babu yangu, nilivyoupanga mimi kwa gitaa, kila noti mahali pake, na mtangazaji anataja jina la yule bwana kuwa ndiye mtungaji. Nilipomfuata aliniambia nyimbo za mababu hazina mwenyewe. Tangu siku hiyo nikaanza kupiga madirisha yakiwa yamefungwa, na mtu akifumba macho wakati napiga, naacha kupiga.

Kemigisha, nipangusie mdomo. Asante.

Sasa nisikilizeni kuhusu kasha, maana hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Gitaa la namna hii haliuawi na kuanguka peke yake, linakufa kwa kiu. Likija kiangazi chetu hiki, upepo mkavu unapita, mbao zinasinyaa, na asubuhi moja unasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, na uso umepasuka. La chuo lilipasuka hivyo nikilitazama. Wazungu wana vifaa vyao vya kunywesha mbao ndani ya kasha, mimi sikuwa navyo, nikatazama kibanja. Mgomba ni nini kama si maji yaliyosimama? Nikajaribu, nikakosea, nikajaribu tena, mpaka nikaijua njia. Unachukua mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, siyo ule mchanga, unaumenya mpaka kwenye moyo wake mweupe, unakata kipande cha ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, unakiacha kichuruzike maji ya kwanza, unakifunga kitambaa, unakiweka kule kichwani mwa kasha kisiguse mbao hata kidogo. Kikisinyaa, unakata kingine. Kwa njia hiyo gitaa langu limevuka kila kiangazi tangu nirudi kutoka Ulaya bila ufa.

Na nani alikuwa anakata? Siyo mimi mwenye kucha, na ule utomvu wa mgomba mnaujua, ukigusa nguo umekaa, unageuka mweusi na hakuna sabuni itakayoutoa, ukigusa kucha ndio umekaa vile vile. Alikata Edgar. Alikuwa mtoto mkubwa, nikampa panga. Kukata ndizi za chakula, Edgar. Kupogoa kibanja, Edgar. Kipande cha kasha, Edgar. Alikwenda shule na mashati yenye madoa mpaka watoto wakampa jina ambalo sitalirudia hapa. Wakati nafundisha wana wa wenzangu sauti ya noti, yeye namsikia nyuma ya nyumba, kwa, kwa, kwa, panga kwenye mgomba. Siku anaondoka kwenda kutafuta maisha Murongo alisimama pale pale aliposimama sasa akaniambia, "Taata, mkono wako ni wa gitaa, wangu umekuwa wa panga. Nikivuka huu uwanja sishiki panga tena." Edgar, nasema uongo? Na amelitunza neno lake. Tangu hapo kipande amenikatia Telesfori, nami nakiweka kwa mkono wangu. Ana duka lake pale mpakani, anavaa mashati meupe yaliyopigwa pasi mpaka yanakata, na akija kutusalimia anatembea katikati ya njia, mabega ameyakunja, jani la mgomba lisimguse. Mama yake alikuwa akimtania kwamba anapita kibanjani kama bibi harusi.

Basi. Kiangazi hiki kikanikuta kitandani. Nikajiambia, Rwegasira, gitaa lako linakufa kabla yako, maana hakuna niliyemwambia abadilishe kipande, na sikutaka kumwambia mtu. Nitamwamini nani alifungue? Lakini roho ikanisumbua, nikamtuma Dusabe aniletee kasha kutoka chumba cha muziki nilifungue mwenyewe nijionee msiba wangu. Nikafungua. Nikakuta kipande kibichi. Kimekatwa vizuri, kimefungwa kitambaa cha maua mekundu, kimewekwa mahali pake. Nikalifunga kasha kimya kimya.

Nikaanza kutega. Kile kipande nilikibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, alama kama mwezi mchanga, na kwenye kibanio cha kasha nikafunga uzi mwembamba wa nailoni usioonekana, kisha nikamwambia Dusabe arudishe. Siku nyingine nikaliomba tena. Uzi umekatika. Kipande hakina alama yangu, ni kingine. Hivyo hivyo, kiangazi kizima. Mtu anaingia chumba cha muziki, anafungua, anahudumia gitaa, anafunga, anakuja hapa kitandani ananiuliza hali, naye haniambii! Nani anatenda wema kwa kujificha? Mimi sijamwona mtu wa namna hiyo. Anayelisha ng'ombe wa mwenzake kwa siri ana soko kichwani. Gitaa lililopasuka haliuziki, lenye afya linauzika, basi mwizi wangu anataka likae na afya mpaka nitakapofumba macho.

Nikaanza kuwapima. Telesfori, usikasirike, nilianza na wewe. Mikono yako imejaa utomvu mwaka mzima, migomba yangu unaihudumia wewe, na milamula, ile miti iliyopandwa kuonyesha mpaka wetu, naijua inavyotembea. Kila mwaka inasogea kidogo kuja kwangu, na sijawahi kuisikia ikikanyaga. Usinicheke, najua. Lakini nikasema, Telesfori anataka udongo, gitaa angelifanyia nini? Nikamtazama Dusabe. Yeye peke yake katika hawa anajua kulipiga. Ana vidole nilivyovitafuta kwa wanafunzi wangu wote, nikavikuta kwa binti wa jirani mwisho wa maisha yangu, nami nikamwapisha mpaka akalia, na nilipomwona analia nikashuku machozi. Nisamehe au usinisamehe, ila kaa.

Nikamtazama Kemigisha. Binti yangu, mume wako ana maneno matamu mno. Mara tatu alikuja na kusema gitaa likae kwenu Ihanda, kwenye kabati la kioo, wageni walione. Gitaa kwenye kioo! Na kile kitambaa cha maua ni nguo ya mwanamke, macho yangu hayaoni vizuri lakini hilo nililiona. Nikasema ni wewe. Halafu nikasema, hapana, wewe hujui kukata moyo wa mgomba usivunjike, ulidekezwa.

Akabaki Edgar. Edgar, nakuambia mbele ya mashahidi kwamba wewe ndiye niliyekushuku zaidi. Umechukia gitaa hili tangu utotoni, ulilisema wazi kwamba ni mke mwenza wa mama yako. Ulikuwa unakuja mara moja kwa mwaka, Krismasi, tena kwa haraka, na kiangazi hiki unakuja kila Jumamosi. Unakaa kwenye kiti hiki kidogo tu, unanikagua, kisha unasema unakwenda kupiga simu, unapotelea nyuma ya nyumba. Nani anayepigia simu nyuma ya nyumba mambo ya halali? Na Dusabe alikuona umeinamia tundu la gitaa unapiga picha kwa simu, siyo gitaa zima, karatasi ya fundi iliyo ndani, ile yenye jina lake na mji wake. Na Polikarpi alikuona Murongo umekaa na bwana wa miwani aliyetoka Kampala, mnatazama hiyo picha vichwa vimegusana. Nilipokuuliza, ulisema, "Sijui kitu, taata." Ndiyo maana leo nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikuwa natangaza kwamba kiti kinakwenda kwa Kemigisha, na gitaa linakwenda kwa Dusabe, tena litoke humu leo leo, na Edgar arudi Murongo na mashati yake.

Maji. Nipeni maji. Siyo wewe, Kemigisha, umechoka kuninyanyua. Edgar, wewe una nguvu, niinue. Polepole. Shika shingo. Mh.

Ngoja. Usiutoe mkono. Nimesema usiutoe.

Hiki nini kwenye mkono wa shati lako? Hapa, kwenye kifungo. Macho yangu ni mabovu lakini jambo liko chini ya pua yangu. Telesfori, sogea, wewe ndiye mjuzi. Hili doa ni nini, chai au utomvu? Tazama vizuri, usimwonee na usimfiche. Utomvu? Wa leo? Na haya meusi? Ya zamani. Kwa hiyo shati hili limeingia kibanjani zaidi ya mara moja. Shati jeupe la Murongo.

Edgar. Tangu lini unashika panga?

Sema kwa sauti, mashahidi wasikie. Kila Jumamosi. Nyuma ya nyumba. Simu ilikuwa ni ya kudanganyia.

Bado, bado, msimkimbilie, mimi sijaridhika. Mtu anaweza kujipaka utomvu asubuhi ili anilainishe jioni. Niambie, unakata wapi? Mgomba uliokatwa mkungu. Ndiyo. Halafu? Unakiacha kichuruzike kwenye jiwe la kufulia. Jiwe la kufulia, ndiyo, alikuwa anaviweka pale akiwa mdogo. Na kitambaa? Dusabe, fungua kasha. Nimeruhusu, fungua! Nipe hicho kitambaa, nikiweke puani.

Kitenge cha Benadeta. Kile cha kanisani. Ulikichukua siku ya matanga, nikasema moyoni kwamba Edgar amechukua nguo ya mama yake aende akampe mwanamke wa Murongo. Umekichana ukakifunga kwenye mgomba. Kirudishe, Dusabe, ulifunge kasha.

Na picha? Ufa? Ufa gani? Unao ufa mdogo, karibu na daraja la nyuzi, ulikuwepo siku ya kwanza ulipofungua, kabla hujaanza kunywesha. Na bwana wa miwani ni fundi wa vyombo. Ulimwonyesha alama ya aliyelichonga ili ajue ni mbao gani na gundi gani. Amesema nini? Anaweza kulifunga bila kuliumiza, lakini anasubiri ruhusa ya mwenyewe. Ya nani? Yangu. Na wewe ukaogopa kuniomba.

Kwa nini hukusema, mwanangu? Nilikuuliza mimi mwenyewe, hapa hapa, kwa mdomo huu. Sema. Unasema ningekufukuza. Unasema ningesema unalinenepesha ulipeleke sokoni.

Ni kweli. Ningekufukuza. Nilikuwa nakufukuza leo.

Mnaona mambo? Mtu anayelichukia gitaa ndiye aliyelinywesha. Nyamazeni kidogo, niacheni nivute pumzi.

Polikarpi, nilisema mbele yako kwamba aliyefungua kasha hatakalia kiti. Najua unavyopenda kunishika kwa maneno yangu. Basi neno hilo nalirudisha mdomoni kwa mdomo ule ule uliolitoa, na Telesfori ni shahidi kwamba nimelirudisha nikiwa na akili zangu, bila kulazimishwa. Sasa shikeni hili. Msika wangu ni Edgar. Kiti ni chake, nyumba ni yake na kibanja cha mbele ni chake, pamoja na kaburi la mama yake analopaswa kulipalilia. Kemigisha, kibanja cha bondeni na buni yote iliyomo ni vyako, kwa jina lako, siyo la mume wako, narudia, siyo la mume wako, nampenda lakini simwamini. Telesfori, kile kipande ambacho milamula imeshakuhamishia, kichukue sasa kwa halali, kisha uipande upya mbele ya watoto wangu na iache kutembea. Sidaiwi na mtu.

Gitaa. Nilidhani gitaa ni la mtu mmoja, na nimeishi nalo hivyo, madirisha yamefungwa. Dusabe, utalipiga wewe, na karatasi zote za muziki nilizoandika ni zako, zile za nanga uzipige hadharani na utaje jina la babu yangu kwanza, langu baadaye. Lakini litalala kwa Edgar, katika chumba cha muziki, na Edgar ndiye atakayelinywesha. Mpe fundi ruhusa, mwanangu, alifunge ufa. Usimlazimishe mtu kusikiliza. Akija mtu akifumba macho, eh, mwache afumbe.

Sauti inanitoka. Sogeeni zaidi.

Mnizike karibu na Benadeta, kichwa kikielekea migomba. Kucha zangu msizikate. Mwinjilisti asihubiri sana. Na Edgar, siku ya kumaliza msiba watakapokukalisha kwenye kiti, wazee watataka kukuvisha kanzu yangu kama desturi ilivyo. Kataa. Waambie nimesema mimi. Utavaa shati hilo hilo, na usilifue, doa lionekane kwenye mkono, na mtu akiuliza msika huyu amerithi nini, mwonyeshe.

Mungu awatazame. Awape masikio. Awape... watu wa kuwaamini, na awape moyo wa kuwaamini, mimi alinipa wa kwanza na wa pili nikachelewa kuuomba. Kemigisha, usilie juu ya shuka, lina baridi. Nawabariki wote, na wewe pia Telesfori, na migomba yako.

Mvua ikianza, Edgar, kipande ukitoe, hewa yenyewe inatosha. Mpaka hapo, Jumamosi... usisahau.

Dusabe, kile cha nanga. Polepole. Besi itangulie.

Nani huyo... nasikia kibanio. Nani amefungua kasha?

Ni Edgar?

Basi, mwacheni. Mwacheni alifungue.